Kutoka London kwenda majabali ya Seven Sisters na kurudi siku hiyo hiyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kipindi cha joto kikianza Uingereza, maswali ni yale yale: kutoka kwa mwanafunzi aliyefika Septemba iliyopita, kutoka kwa muuguzi mwenye siku moja tu ya mapumziko, kutoka kwa shemeji anayetaka kumtoa mama mkwe nje ya nyumba. Majibu yako hapa. Pale jibu moja linapotegemea jingine, utaelekezwa.

## Mahali penyewe

Seven Sisters ni wapi hasa?

Pwani ya kusini ya Uingereza, East Sussex, kati ya mji mdogo wa Seaford na mji mkubwa zaidi wa Eastbourne. Ni safu ya majabali meupe ya chaki yanayopanda na kushuka juu ya bahari, ndani ya hifadhi ya taifa ya South Downs. Kilele cha juu kabisa kwenye safu hiyo, Haven Brow, kina mita 77 hivi. Ukiendelea mashariki unafika Beachy Head, mita 162, jabali la chaki refu kuliko yote ya pwani ya Uingereza.

Onyo la mapema: kuna stesheni ya Seven Sisters kule Tottenham, kaskazini mwa London. Ukiandika jina hilo peke yake kwenye ramani ya simu, utapelekwa penye maduka na msongamano wa magari, wala hutaona bahari. Andika Seaford, Exceat (penye daraja la mto Cuckmere, magharibi mwa majabali) au Birling Gap (mwisho wa safu upande wa mashariki), kutegemea unapoanzia.

Si ndiyo hayo majabali meupe ya Dover?

Hapana. Dover iko Kent, mashariki zaidi, penye bandari ya meli za kwenda Ufaransa. Chaki ni ya aina moja, na filamu nyingi zimepigwa Seven Sisters zikijifanya ziko Dover, kwa sababu huku hakuna bandari wala malori nyuma ya picha. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kuchagua Seven Sisters kama una siku moja tu. Dover ina faida yake: treni ya kasi kutoka St Pancras, na siku angavu unaiona Ufaransa kwa macho. Ukienda huko, zima huduma ya mitandao ya nje kwenye simu, maana pale juu simu hudaka mnara wa Ufaransa na unaweza kukatwa pesa bila kuvuka hata tone la maji.

Kwa nini ni meupe hivyo?

Chaki imetokana na maganda ya viumbe wadogo mno wa baharini yaliyojikusanya chini ya bahari yenye joto, miaka milioni 80 hadi 90 iliyopita. Mistari myeusi unayoiona imelala ndani yake ni gumegume.

Lakini weupe wenyewe una sababu nyingine. Jabali hubaki jeupe kwa kuwa linabomoka kila mara na kuonyesha sura mpya. Pale bahari ilipoacha kulipiga, jabali huota nyasi na kufifia. Watafiti waliochunguza Beachy Head na Seaford Head walikadiria mwaka 2016 kwamba ukingo ulikuwa ukirudi nyuma sentimita 2 hadi 6 kwa mwaka kwa maelfu ya miaka, na sasa, kwa miaka 150 hivi ya karibuni, ni sentimita 22 hadi 32. Usidhani linakatika kidogo kidogo. Linaweza kukaa miaka bila kitu, kisha kipande kizima kikaenda siku moja, hata siku ya jua. Mnara wa zamani wa taa za meli wa Belle Tout, uliojengwa karne ya 19, ilibidi usogezwe mzima mzima mita 17 kuelekea nchi kavu mwaka 1999. Weka habari hii akilini utakapofika kwenye swali la ukingo hapo chini.

Kuna kiingilio?

Hakuna. Unalipia maegesho ukienda na gari, basi.

## Kufika na kurudi

Treni ipi inafaa?

Inategemea unaanzia wapi (tazama «Nianzie wapi?»). Zote huondoka London Victoria.

Kwenda Seaford unabadilisha treni Lewes. Safari nzima ni saa moja na nusu au zaidi kidogo. Seaford ni mwisho wa reli, kwa hiyo hata ukisinzia hutapitilizwa. Kwenda Eastbourne kuna treni za moja kwa moja, muda ni karibu ule ule. Baadhi ya treni za njia hii hugawanyika Haywards Heath, mabehewa ya mbele yakaenda upande mmoja na ya nyuma upande mwingine, basi sikiliza tangazo kabla hujafungua chupa ya chai.

Njia ya tatu ni Brighton, saa moja hivi kutoka London, kisha basi. Mabasi ya kundi la namba 12 hupita pwani kutoka Brighton hadi Eastbourne, yakisimama Seaford na Exceat. Panda ghorofa ya juu, kaa upande wa bahari. Basi la 13X hupita pia Birling Gap na Beachy Head, ila ratiba yake hubadilika kulingana na msimu, hivyo iangalie siku moja kabla.

Nipunguzeje nauli?

Usisafiri asubuhi ya siku ya kazi. Tiketi ya saa zisizo na msongamano ni nafuu zaidi, na Jumamosi na Jumapili unaitumia tangu asubuhi. Mkiwa watatu hadi tisa, ombeni GroupSave: mnapunguziwa theluthi moja bila kuwa na kadi yoyote, sharti msafiri pamoja. Wanafunzi wengi wana kadi ya umri wa miaka 16 hadi 25. Waliopita umri huo wanaweza kununua Network Railcard, ambayo inatumika eneo lote la kusini mashariki na hupunguza pia nauli ya wenzako mnaosafiri pamoja. Mtoto chini ya miaka 5 hasafiri kwa kulipiwa, na wa miaka 5 hadi 15 hulipiwa nusu.

Kwenye mabasi, tangu Januari 2025 nauli ya safari moja haizidi pauni 3 kwa kampuni zilizojiunga na mpango wa serikali. Ndiyo maana kushuka Brighton au Seaford na kumalizia kwa basi hakuumizi mfuko.

Jumapili kuna treni?

Zipo, lakini Jumapili ndiyo siku wanayopenda kutengeneza reli. Mara nyingine sehemu ya safari inafanywa kwa basi la kufidia, na saa moja na nusu inageuka saa tatu. Angalia Jumamosi usiku. Kama ratiba imeandika basi, ahirisha au nenda kwa Brighton ikiwa njia hiyo iko salama.

Na gari?

Kuna maegesho ya kulipia Exceat na Birling Gap. Siku ya jua ya Agosti yamejaa kabla ya adhuhuri. Shida kubwa ya gari ni kwamba lazima urudi ulikoliacha, wakati matembezi mazuri hapa ni ya kwenda mbele tu.

## Siku yenyewe

Nianzie wapi?

Hili ndilo swali kuu, na wengi hawaliulizi mpaka wamesharudi nyumbani na picha zisizofanana na walizoziona mtandaoni. Ukiwa umesimama juu ya Seven Sisters, huwaoni Seven Sisters. Unaona nyasi, mbingu na bahari. Ile picha maarufu, yenye nyumba ndogo za walinzi wa pwani mbele na majabali yote yamejipanga nyuma, inapigwa kutoka ng'ambo ya mto Cuckmere, upande wa Seaford. Kwa hiyo amua kwanza: unataka kuyaona, au unataka kuyatembea?

Kama unataka kuyaona, shuka Seaford. Toka stesheni, fika baharini, geuka kushoto, fuata ufuo mpaka barabara iishe, kisha panda kilima cha Seaford Head. Kwa mwendo wa kawaida, baada ya saa moja na ziada uko Hope Gap na zile nyumba. Kaeni hapo mle. Halafu pandisheni bonde la Cuckmere hadi Exceat, mpande basi. Ni nusu siku na ushei, na kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza mimi humwambia njia hii bila kusita.

Kama unataka kuyatembea, shuka basi Exceat, fuata njia ya bonde, kisha panda. Kutoka Exceat hadi Birling Gap ni kilomita 6 hivi, lakini ni kilomita za kupanda na kushuka vilima mfululizo, kwa hiyo tenga saa mbili mpaka tatu. Ukiwa na nguvu, endelea kupita Belle Tout na Beachy Head mpaka Eastbourne. Jumla ni kilomita 13 hivi na saa nne au tano. Chini ya Beachy Head utauona mnara wa taa, mwekundu na mweupe, uliosimama majini tangu mwaka 1902.

Wapo wanaofanya yote, Seaford hadi Eastbourne, kilomita 22 hivi. Wape heshima yao, ila usiwapeleke wageni waliovaa raba za mjini.

Kwenye ramani mto ni mwembamba. Siwezi kuuvuka pale mdomoni?

Hapana. Hakuna daraja mdomoni, na mkondo wa Cuckmere unapoingia baharini una nguvu kuliko unavyoonekana. Wanaoonekana wakivuka kwa miguu maji yakiwa yamekupwa wasikushawishi. Daraja liko Exceat, kama kilomita 2 ndani, na hesabu yako ya muda lazima ijumuishe kwenda na kurudi hapo.

Mwezi gani ni mzuri?

Mei na Juni. Mwishoni mwa Juni jua linazama saa tatu na robo usiku, una mwanga wa kupoteza. Desemba linazama saa kumi kamili jioni au kabla yake kidogo, na ukianza kutembea saa saba mchana unajitafutia giza juu ya ukingo. Julai na Agosti ni joto zaidi, na watu ni wengi zaidi. Ukiona utabiri wa ukungu baharini, badilisha siku: hakuna utakachoona, na ukingo wenyewe hauuoni pia.

Nivae nini?

Viatu vyenye meno. Chaki iliyolowa inateleza vibaya sana. Chukua koti la kuzuia upepo hata kama London kuna joto, kwa sababu juu hakuna mti wa kujificha nyuma yake. Baibui au dera si tatizo, ila lishikiliwe kwa kitu, na mtandio ubanwe pini za kutosha. Mvua ikinyesha mwavuli haukusaidii kitu. Upepo utauvunja kwenye kilima cha kwanza.

Chakula je?

Beba. Birling Gap kuna mgahawa na vyoo, Exceat pia utapata vyoo na kitu cha kula, katikati hakuna hata bomba la maji. Sambusa, katlesi, chapati zilizokunjwa na mayai, chupa ya chai ya tangawizi: haya yanasafiri vizuri. Pilau inasafiri pia, lakini kula wali kwa upepo ule ni kazi.

Wanaopenda kumalizia kwa samaki na chipsi Eastbourne au Seaford, na ni Waislamu, waulize mambo mawili kabla ya kuagiza: mafuta ni ya mimea au ya ng'ombe, na unga wa kuchovyea samaki umechanganywa na bia au la. Wauzaji wamezoea kuulizwa, hawakasiriki.

Nitaswali wapi, na kibla ni upande gani?

Popote kwenye nyasi, mbali na ukingo na nje ya njia ya wapita njia. Kibla kutoka hapo ni kusini mashariki, ikielekea zaidi mashariki. Ukitembea kutoka Cuckmere kwenda Birling Gap, safu yenyewe imelala karibu kabisa na upande huo, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya njia umeshaielekea kibla bila kugeuka. Majira ya baridi, adhuhuri na alasiri zinakaribiana sana. Panga kituo chako cha chakula hapo katikati. Suala la kupunguza na kukusanya sala kwa umbali huo, muulize shehe unayemfuata.

Tunaweza kuogelea?

Birling Gap watu huogelea siku tulivu, ukishuka kwa ngazi za chuma, ambazo hufungwa wakati mwingine kwa sababu ya mmomonyoko. Aliyezoea Kigamboni au Nyali ajiandae: hakuna mchanga wa kulala, ni kokoto, na maji hata mwezi wa Agosti ni ya nyuzi 17 au 18 hivi. Mdomoni mwa Cuckmere usiogelee kabisa, kwa sababu zile zile za swali la kuvuka mto.

Watoto wamejaza mifuko mawe. Kuna ubaya?

Upo. Kuchukua kokoto na mawe ufukweni ni kosa chini ya sheria ya ulinzi wa pwani ya mwaka 1949. Hakuna atakayemkamata mtoto wa miaka sita, lakini yamwageni pale pale.

## Usalama

Nisimame mbali kiasi gani na ukingo?

Mita 5 angalau, na zaidi kukiwa na upepo. Najua picha zote ulizoziona zina mtu ameketi miguu ikining'inia. Mtu huyo haoni kilicho chini yake. Bahari hula jabali kutoka chini, na kile unachokikanyaga juu mara nyingi ni kama bati la baraza lisilo na nguzo. Ukipita ufukweni au Hope Gap na kutazama kwa pembeni utaona sehemu zilivyochongoka hewani, na pia nyufa zinazotembea sambamba na ukingo, hatua chache ndani ya nyasi. Ufa ukiwa kati yako na nchi kavu, uko upande mbaya.

Mwaka 2017 mwanafunzi wa kigeni aliyekuwa Uingereza kujifunza Kiingereza alianguka hapa na kufa wakati akiruka ili apigwe picha. Hakuna uzio sehemu kubwa ya njia. Kwa Waingereza hilo linamaanisha umeachiwa akili yako mwenyewe. Mkiwa kundi, chagueni mtu mmoja wa kusema «rudi», na asibishiwe, hata akiwa ndiye mdogo kuliko wote.

Naweza kupita chini, ufukweni, badala ya vilima?

Usifanye hivyo. Kati ya Cuckmere na Birling Gap hakuna njia ya kupanda juu. Maji yakijaa yanafika kwenye jabali lenyewe, na uliyenaswa katikati huna pa kwenda. Wakati wa bamvua yanajaa haraka na juu zaidi. Zaidi ya hapo kuna mawe yanayodondoka. Ndiyo maana hata pale Birling Gap hamtandiki mkeka chini ya ukuta wa jabali, japo pana kivuli na hapapigi upepo.

Kukitokea shida nimpigie nani?

999, na useme unataka Coastguard, yaani kikosi cha uokoaji wa pwani, si polisi. Waambie jina la mahali: Hope Gap, Birling Gap, Belle Tout. Mtandao hukatika bondeni Cuckmere, kwa hiyo pakua ramani kabla ya kutoka nyumbani na mjulishe mtu saa ya kurudi. Mtu akianguka, au hata mbwa, usimfuate chini.

## Wazee na watoto

Mama amekuja kututembelea, magoti yanamsumbua. Ataona nini?

Ataona mengi. Kutoka Exceat kuna njia tambarare ya kilomita 2 hivi kufuata mto hadi karibu na ufuo, yenye sehemu kubwa ya zege. Kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto hupita mpaka kokoto zinapoanza. Mtaona mabwawa, ndege, ng'ombe, na mwishoni jabali la kwanza limesimama juu yenu. Akichoka, mnarudi kwa njia ile ile bila kilima hata kimoja. Mvalishe kuliko anavyotaka.

Kwa mzee asiyeweza hata hiyo, basi la 13X, likiwa linafanya kazi, linamleta hadi Birling Gap, na bahari ataiona kutoka kwenye mgahawa.

Na watoto wadogo?

Njia hiyo hiyo ya Exceat. Juu ya vilima, mtoto wa mbeleko yuko salama mgongoni, mkubwa wa kushikwa mkono anachosha kushikwa kilomita 6, na yule wa katikati, anayekimbia lakini hasikii, asipandishwe huko. Mkikuta kondoo au ng'ombe, msipite katikati ya mama na ndama, na geti mlilolikuta limefungwa mlifunge.

## Hali za pekee

Nahitaji kubeba pasipoti?

Kwa safari ya ndani ya Uingereza, hapana. Hakuna ukaguzi wa uhamiaji kwenye treni za Seaford au Eastbourne. Beba kadi yako ya punguzo la treni, maana hiyo ndiyo itakayoulizwa.

Binamu yangu anasema majabali ya Moher ni mazuri zaidi. Naweza kwenda kwa viza yangu ya Uingereza?

Moher ni marefu zaidi, yanafika mita 214, lakini yako Ireland, nchi nyingine. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Ireland. Ule mpango wa viza moja kwa nchi zote mbili ni wa raia wa China na India tu. Kwamba ukitokea Belfast huenda usikaguliwe mpakani hakukupi ruhusa, na matatizo yake yatakufuata utakapoomba viza nyingine. Étretat ya Ufaransa, ambayo ni chaki hii hii ng'ambo ya maji, inadai viza ya Schengen.

Vile vibao vya Samaritans vyenye namba ya simu pale Beachy Head ni vya nini?

Samaritans ni shirika la kuwasikiliza wenye dhiki, na vibao ni vya watu waliofika pale wakiwa wamelemewa na maisha. Kuna pia kundi la makasisi na watu wa kujitolea linalozunguka eneo hilo kuzungumza na anayeonekana peke yake na mwenye simanzi. Wakikusalimia, wajibu tu kwa wema. Namba ya Samaritans ni 116 123, bure, saa 24, popote ulipo Uingereza. Ugenini kuna majira ya baridi ambayo mtu hamwambii hata aliyeko nyumbani. Ukiwa na hali hiyo, ipige ukiwa chumbani kwako, na safari hii uifanye baadaye, na watu.

Naweza kurusha droni?

Ardhi ya National Trust, shirika la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale, ikiwemo Birling Gap, hairuhusu bila kibali. Iache nyumbani.

Basi la mwisho limetuacha Birling Gap. Tufanyeje?

Kama bado kuna mwanga, msifuate ukingo. Fuateni barabara ya kuelekea bara hadi kijiji cha East Dean, kilomita 2 hivi, ambako mabasi ya njia kuu kati ya Brighton na Eastbourne hupita mpaka saa za usiku. Giza likiwa limeingia, iteni teksi kutoka Eastbourne mkiwa hapo hapo Birling Gap. Mkiwa wanne, gharama ikigawanywa inavumilika, na Eastbourne kuna treni za kurudi Victoria hadi usiku. Hakikisheni tu saa ya ile ya mwisho kabla hamjaagiza chipsi.